Toleo la Thelathini na Moja

Je, umewahi kumsomea mtu asiyeona, ukafika mahali ukajua kwamba lolote utakalosema ataliamini? Tessa Jablonski alifika mahali hapo akiwa na umri wa miaka kumi na miwili.

Walikaa Erie, upande wa mashariki wa mji, karibu na ziwa, ambako theluji ikishaingia mwezi wa Novemba haina haraka ya kuaga. Kila alipotoka shule, Tessa alikung'uta viatu vyake kizingitini, akavipanga juu ya gazeti kuukuu ili vichuruzike maji, kisha akapasha moto mikate miwili ya mviringo yenye soseji ya pilipili ndani, mmoja wake na mmoja wa babu yake. Mama alikuwa bado kiwandani, kwenye mashine za kufinyanga plastiki, na hakurudi mpaka saa kumi na moja.

Babu Bernard alimngoja mezani jikoni. Alikuwa ametengeneza vichwa vya treni kwa miaka arobaini, na mikono yake bado ilikuwa na makovu madogo ya cheche. Macho ndiyo yaliyomsaliti. Doa jeusi lilikaa katikati ya kila kitu alichokitazama. Pembeni aliona, katikati hakuona. Akitaka kumwona Tessa, alilazimika kugeuza kichwa upande, kama kuku anayechungua punje ya mahindi. Mwenyewe alitania kwamba siku hizi anaona masikio ya watu tu, na kwamba ya Tessa hayajaoshwa vizuri.

Kilichomuuma zaidi ni vitabu vya katuni. Tangu utotoni alipenda hadithi za mashujaa, wale wenye mavazi ya kubana na nguvu zisizo za kawaida. Sasa hakuweza kuzisoma tena. Basi Tessa akawa macho yake. Alifungua kishikwambi, akamsomea maneno na kumweleza picha: nani anaruka, nani anaanguka, anga lina rangi gani.

Mwezi wa Februari duka la mtandaoni lilitangaza punguzo la mikusanyiko ya zamani, la wiki moja tu, mpaka Jumapili. Mkusanyiko ni kitabu kimoja kilichounganisha matoleo kadhaa yaliyokuwa yakitoka kila mwezi, na Babu alijua kuuchagua kama mpishi anavyojua kuchagua nyanya. Alisema rahisi si lazima iwe na faida. Kuna mikusanyiko inayokatika katikati ya hadithi. Kuna mingine iliyopakwa rangi upya mpaka nyuso za watu zinang'aa kama sufuria mpya.

"Usinunue jalada, bibie," alimwambia. "Jalada ni mchoro tu, wanalitoa popote wanapotaka. Soma orodha ya matoleo yaliyomo. Onja kurasa za mwanzo wanazotoa bure. Halafu sikiliza walionunua kabla yako wanalalamikia nini."

Jumatatu ya wiki hiyo Babu aliomba kitu kimoja tu. Kulikuwa na shujaa aliyeitwa Mpiga Kengele, ambaye mlio wa kengele yake uliweza kusimamisha hata treni, na alikuwa na mdogo wake aliyeitwa Njiti kwa wembamba wake. Hadithi ya Mnara wa Maji ilianza toleo la ishirini na sita na kuishia toleo la thelathini na moja. Babu aliisoma akiwa na miaka kumi, mpaka toleo la thelathini. La mwisho hakuwahi kulisoma. Jalada lake tu aliliona mara moja, kwa mbali: mnara uliozama nusu, na Mpiga Kengele amening'inia kwenye kamba.

Tessa alimuuliza kwa nini hakulitafuta miaka yote hiyo. Babu alipapasa ukingo wa meza, akasema chai imepoa. Tessa akaenda kumwongezea maji ya moto, akamwahidi kwamba atautafuta mkusanyiko huo kwa uangalifu.

Jumanne alasiri Marisol Vega, rafiki yake wa darasani, alimpitia akiwa na ubao wa kutelezea theluji mgongoni. Marisol alikuwa ameshanunua mikusanyiko kumi na minane, na hakujua nusu yake ina nini. Alisimama nyuma ya Tessa, akamtazama anavyoshusha ukurasa polepole.

"Unasoma kama bibi anayesoma karatasi ya dawa," alisema. "Twende, kabla wale wa darasa la tano hawajatuharibia kilima."

Mikusanyiko miwili ilikuwa na jina la Mnara wa Maji. Mmoja ulikuwa mzito na jalada lake lilikuwa jeusi, bila picha yoyote. Wa pili ulikuwa mwembamba, na bei yake ilikuwa ya chini zaidi. Juu ya jalada lake kulikuwa na mnara uliozama nusu, na Mpiga Kengele amening'inia kwenye kamba. Tessa alihisi joto la furaha. Akabonyeza, akanunua, akavaa glavu.

Babu alipomuuliza jioni kama ameisoma orodha, alijibu, "Ndiyo, Babu." Neno dogo kama hilo halikumsumbua hata kidogo.

Walianza kusoma Jumatano, wakaendelea Alhamisi. Babu alikaa wima, mikono yote miwili juu ya meza, kama mtu aliye kanisani. Adui alikuwa amemfungia Mpiga Kengele ndani ya mnara na kufungulia maji. Maji yalifika magotini, yakafika kiunoni, yakafika kifuani. Nje, Njiti alikuwa akiugonga mlango wa chuma kwa ngumi mpaka zikavuja damu. Hapo toleo la thelathini likaisha. Tessa akasogeza ukurasa.

Palikuwa na tangazo la mikusanyiko mingine. Akasogeza tena. Hapakuwa na kitu. Akarudi upesi mwanzoni, kwenye orodha ambayo hakuisoma, akaona imeandikwa wazi: toleo la ishirini na sita hadi la thelathini. Jalada lilikuwa la toleo la thelathini na moja, lakini toleo lenyewe halikuwamo.

"Endelea, bibie," Babu alisema.

Angeweza kusema, Babu, nimekosea. Lakini ingembidi aseme pia kwamba alidanganya juu ya orodha, na uso wa Babu ulikuwa umemwelekea kwa matumaini kiasi kwamba aliona aibu. Shuleni insha zake zilikuwa zikisifiwa. Mwalimu aliwahi kumwambia kwamba mwisho wa huzuni ndio unaokumbukwa. Basi akakitazama kioo cheupe cha kishikwambi, akaanza kubuni.

Alisema maji yalifika shingoni. Alisema Njiti alichoka, akakimbia kutafuta msaada, na msaada haukuja. Alisema Mpiga Kengele aliivuta kamba mara moja ya mwisho, chini ya maji, na kengele ikalia bila mtu wa kuisikia. Picha ya mwisho, alisema, ni nyeusi yote.

Maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye paa, tone kwa tone.

"Alikuwa peke yake?" Babu aliuliza hatimaye.

"Ndiyo, Babu. Peke yake."

"Kumbe," alisema Babu. Akanyanyuka, akapapasa ukuta mpaka chumbani kwake, akafunga mlango.

Jioni hiyo hakula. Ijumaa alikunywa chai tu, na mkate wake wa soseji ukakaa kwenye sahani mpaka ukakauka. Hakutania masikio ya mtu. Tessa alipofungua kishikwambi na kumuuliza wasome nini, alijibu kwa upole kwamba amechoka na katuni, labda wakati mwingine. Tessa alijaribu kujiambia kwamba ni hadithi tu, na hadithi nyingi huisha vibaya. Maneno hayo hayakumtuliza.

Jumamosi asubuhi Mama alikuwa akikaanga pierogi, vile vifuko vya unga vyenye viazi na jibini ndani, kwa kuwa Babu hakuwahi kuvikataa. Siku hiyo alivikataa. Mama alirudi na sahani ilivyo, akaiweka juu ya jiko, akauliza nini kimetokea wiki hii. Tessa alisema walisoma tu Mpiga Kengele mpaka mwisho. Mama akazima moto.

"Mpaka toleo la mwisho?" aliuliza. "Lile la Eddie?"

Ndipo Tessa alipopata habari ambayo Babu hakuwahi kumsimulia. Babu alikuwa na kaka, Edmund, aliyemzidi miaka mitatu. Walinunua Mpiga Kengele pamoja kila mwezi, na walipocheza, Eddie alikuwa Mpiga Kengele na Babu alikuwa Njiti. Majira ya baridi ya mwaka 1963 Eddie alishikwa na homa ya uti wa mgongo. Watoto hawakuruhusiwa kuingia wodini, kwa hiyo baba yao alimpelekea Eddie toleo la thelathini na moja, na Babu akasimama nje kwenye theluji, chini ya dirisha la ghorofani. Eddie aliliinua lile jalada kwenye kioo ili mdogo wake alione. Kisha akajigusa midomo, akamnyooshea kidole: nitakusimulia.

"Muuguzi alisema alilimaliza mchana uleule," Mama alisema. "Usiku akafariki. Vitu vyake vyote vilichomwa, pamoja na hicho kitabu. Babu yako hakuthubutu kukitafuta. Alihofia kitakachokuwa ndani."

Sasa Tessa alielewa alichomfanyia Babu. Alikuwa amemwambia kwamba kitu cha mwisho alichokisoma kaka yake, akiwa mgonjwa na mbali na nyumbani, kilikuwa ni mtu anayekufa peke yake gizani.

Hakungoja kutumwa. Alibisha mlango wa chumba, akaingia, akamkuta Babu amekaa kitandani, ameelekea dirishani asikoona kitu. Akapiga magoti ubavuni pake ili awe mahali pa kuonekana kwa pembeni.

"Babu, ule mwisho niliutunga mimi," alisema. "Sikusoma orodha. Nilinunua jalada. Toleo la thelathini na moja halikuwamo, nikaona aibu kukwambia."

Babu alilishika blanketi kwa mikono yote miwili.

"Kwa hiyo hakufa," alisema.

"Sijui, Babu. Sijausoma."

"Hujui." Alivuta pumzi. "Siku mbili nimekaa na Eddie ndani ya huo mnara wako, Tessa. Siku mbili."

Tessa alilia, na Babu hakumzuia. Alimwacha alie mpaka akamaliza, kisha akamwambia akalete kile kishikwambi.

Punguzo lilikuwa limebakiza siku moja. Mara hii walitafuta pamoja. Tessa alifungua ule mkusanyiko mzito wenye jalada jeusi, akasoma orodha kwa sauti, namba moja baada ya nyingine, na alipofika thelathini na moja Babu alimwambia airudie. Walionja kurasa za mwanzo. Rangi zilikuwa zilezile za zamani, zimefifia kama nguo iliyoanikwa juani. Msomaji mmoja alikuwa ameandika kwamba huu ndio wenye mwisho, na ule mwembamba jalada lake linadanganya. Babu aliposikia hivyo alitoa sauti iliyokaribia kuwa kicheko. Mama alikuja akasimama mlangoni na taulo la jikoni begani.

Tessa alisoma polepole, bila kuongeza neno. Maji yalifika kidevuni mwa Mpiga Kengele. Njiti hakukimbia. Alipanda ukuta wa mnara kwa vidole vyake vyenye damu, akafika kwenye kengele, akaipiga kwa kichwa chake mwenyewe, na ule mlio ukaupasua mlango wa chuma. Maji yakamwagika. Kwenye picha ya mwisho ndugu wawili wamekaa matopeni, wamelowa, wameshikana mabega.

"Mpiga Kengele anasema nini?" Babu aliuliza.

"Anasema, 'Twende nyumbani, mdogo wangu. Supu itapoa.'"

Babu aliomba arudiwe. Tessa akasoma tena, na mara ya tatu, mpaka machozi ya Babu yakafika kwenye ndevu zake na yeye hakuyafuta.

Alipotulia, alimshika Tessa bega. "Sikiliza, mjukuu wangu. Kununua kitabu kisicho chenyewe ni kosa la dakika moja. Ungeniambia, tungecheka, tukatafuta kingine. Lakini anayekusomea amekuazima macho yake. Akikudanganya, unalala na kitu ambacho hakipo, na huna namna ya kukitoa. Kosa lisemwe likiwa bado dogo."

Tessa alisema amesikia, na kwa maisha yake yote hakuruka orodha tena. Mama akaenda kuwasha moto chini ya pierogi.

Walibaki wawili, na ile picha ya ndugu matopeni bado inang'aa katikati yao. Nje theluji ilikuwa imeanza tena. Tessa aliuliza, kwa sauti ndogo, kama siku ile chini ya dirisha Babu alitaka sana kujua mwisho wa hadithi.

Babu aligeuza uso wake pembeni ili aione theluji.

"Hapana," alisema. "Nilitaka ashuke, twende nyumbani."