Mstari wa Kumi na Saba

Asubuhi ile kikaguzi kilikataa mstari mmoja tu, wa kumi na saba, na Asteria akadhani ni vituko vya kompyuta kama siku zote.

Kazi yake haikuwa ya kumtoa mtu jasho. Alikaa ndani ya kontena lililogeuzwa ofisi, kando ya maduara, yale mashimo ya wachimba dhahabu, huko Kharumwa, akapokea orodha ya wachimbaji wanaoshuka siku hiyo, jina moja mstari mmoja, kisha akaituma Kahama kwa wenye mgodi. Chirag, fundi wa kompyuta wa Kahama, alikuwa na ugonjwa wa unadhifu. Kila mstari kwenye faili humalizika kwa alama isiyoonekana kwa macho, naye alitaka alama hizo zifanane toka juu hadi chini, la sivyo mashine yake huigomea orodha nzima. Ndiyo maana alimwekea Asteria kikaguzi, programu ndogo ya kukagua miisho ya mistari. Siku hiyo mistari yote arobaini ilimalizika kwa alama moja, isipokuwa wa kumi na saba. Huo ulikuwa na mbili.

Akaurekebisha. Akakagua tena. Mbili. Chumba kikaanza kunuka udongo mbichi, na ilikuwa Agosti, mvua imesahaulika tangu Mei.

"Kumi na saba ni nani?" aliuliza Stanslaus, msimamizi wa mgodi, akichungulia mlangoni.

"Makoye."

"Mdogo wako! Kumbe hata kwenye kompyuta ni msumbufu." Akacheka, akaenda zake.

Asteria hakucheka. Mstari ule haukuwa wa Makoye tangu mwanzo. Ulikuwa wa Nasibu.

Chini ya duara simu haishiki. Mtu akitaka kutolewa hugonga bomba la hewa mara mbili, maana yake nivuteni. Mwezi wa tano, duara la Nasibu lilipotitia, bomba liligongwa siku mbili mfululizo, mbili, mbili, bila kuchoka. Stanslaus alisema ni mawe yanajipanga. Siku ya tatu akaamuru duara lifukiwe na jina lifutwe. Asteria ndiye aliyelifuta, huku bomba likiendelea kugonga, na majina ya chini yakapanda nafasi moja, Makoye akaangukia pale alipokuwa Nasibu. Aliogopa kufukuzwa, basi akanyamaza. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua.

Siku ya pili mstari uleule ulikataliwa. Mchana, jua likiwa limechachamaa juu ya bati, akasikia kitu chini ya miguu yake. Ko, ko. Akanyanyua miguu kama aliyemwona panya. Ko, ko. Akajiambia ni bati linatanuka kwa joto, kisha akakumbuka kwamba bati liko juu na sauti inatoka chini, na kila alipobonyeza kitufe cha kurekebisha sauti ilinyamaza kidogo, kama mtu aliyesimama kusikiliza kama anakuja mtu, halafu ikaanza upya, mbili, mbili, na harufu ya udongo ikazidi mpaka akaihisi kwenye meno, akatoka nje mbio bila viatu.

Siku ya tatu alimvizia Makoye kwenye uji, kabla hajashuka.

"Leo usishuke," alinong'ona.

"Nisiposhuka nitakula hiyo kompyuta yako?"

"Makoye, nakuomba. Mstari wako unagonga."

Kijana akamtazama dada yake kwa huruma. "Dada, wewe umelala kweli?" Wenzake walikuwa wanaangalia, naye hakutaka kuitwa mwoga. Akavua ndala, akaziacha mdomoni mwa duara lake, jirani na lile lililofukiwa, akashuka.

Aliyekuwa anakoroga uji ni Mbuke, mama yake Nasibu. Aliendelea kuuza pale kwa sababu hakuwa na kaburi jingine la kukaa karibu nalo. Mwiko ulikuwa umesimama mkononi.

"Umesema unagonga?"

Asteria akapiga magoti, akamwambia yote. Alilia kwa aibu. Mbuke hakumfokea.

"Dhahabu ina wenyewe huko chini, mwanangu," alisema taratibu. "Asiyetolewa tunamwita kwa jina mdomoni mwa duara, udongo wake tunaupeleka nyumbani, ili wenyewe wamwachie. Mimi nilikatazwa. Waliniambia jina hilo halimo kwenye orodha." Akamkazia macho. "Basi mrudishe. Mwandike palepale ulipomtoa."

Asteria akakimbia ofisini. Akasogeza mistari, akaandika Nasibu kwenye ule wa kumi na saba, akakiwasha kikaguzi. Mstari wa kumi na saba ulikuwa safi. Alicheka na kulia kwa pamoja, akamshukuru Mungu kwa sauti, kabla ya kuona kwamba kikaguzi hakijamaliza. Mstari wa kumi na nane: alama mbili.

Wa kumi na nane sasa alikuwa Makoye.

Nje bomba liligongwa, watu wakapiga kelele, "Vuta!" Winchi ikalalama. Makoye akatokeza, matope mpaka kwenye kope, akipumua.

"Makoye!" Asteria alimkimbilia mikono wazi.

Akampita kama anayepita nguzo. Hakuziangalia ndala zake. Akaenda moja kwa moja kwenye sufuria, akapiga magoti mbele ya Mbuke.

"Mayu, mama yangu, shikamoo," alisema, kwa sauti iliyokauka kama ya mtu aliyekosa maji tangu mwezi wa tano. "Uji umebaki?"

Mbuke alimwekea mkono kichwani. Hakumtazama Asteria.

"Marahaba, Nasibu," alisema. Akamjazia kikombe.

"Mnaona?" Stanslaus aliwaambia watu. "Mzima kabisa. Wanawake kwa hofu!"

Ko, ko.

Hakuna aliyekuwa karibu na bomba. Ko, ko.

"Mawe hayo," alisema Stanslaus. "Yanajipanga."

Asteria alikuwa ameshalala chini kando ya zile ndala, sikio kwenye bomba, akimwita mdogo wake kwa jina.