Barua Ambayo Tamim Hakuiandika

Siku ya kwanza Ramlah alipomgusa Tamim, Tamim alizimia. Msicheke, ndivyo ilivyokuwa. Ilikuwa Jumamosi mjini Mbale, soko limefurika, na hema la kuchangia damu limesimamishwa mbele ya maduka ya jumla. Ramlah, mtaalamu wa maabara kutoka Jinja, koti jeupe na mtandio wa zambarau, alikuwa akiwatoa watu damu mkono baada ya mkono. Akaja kijana mrefu, shati limenyooka kwa pasi, anakunja mkono kwa madaha.

"Dada, usinibembeleze. Mimi ni daktari."

"Haya, daktari. Tazama kule."

Hakutazama kule. Aliitazama sindano, na bwana mzima akaenda chini. Alipozinduka alimkuta Ramlah anampepea kwa jalada, amejikaza asicheke.

"Daktari wa nini wewe, wa ng'ombe?"

"Wa watu. Damu ya wengine hainisumbui. Ni yangu tu."

Jumatatu Ramlah alipoingia kazini, katika hospitali ndogo ya binafsi upande wa viwandani hapohapo Mbale, akamkuta Tamim mapokezi, barua ya ajira mkononi. "Yarabi! Mgonjwa wangu!" akapiga kelele, na hospitali nzima ikaijua habari kabla ya chai ya saa nne.

Penzi halipigi hodi. Miaka miwili walifanya kazi zamu moja, Tamim akiwa msimamizi wake, na kila Ramlah alipokwenda kwao Mafubira, Jinja, mwisho wa juma, simu haikumpa nafasi.

"Umefika, mpenzi?"

"Ndio kwanza navua viatu. Umekula?"

"Nitakulaje na aliyenizoesha kula hayupo?"

"Mwongo mkubwa! Nasikia unatafuna."

Lakini Ramlah alikuwa na kiu nyingine. Shahada ya maabara alikuwa nayo, na kulikuwa na chuo kinachowapokea wenye shahada wasomee udaktari. Baba yake, mzee Faraj, askari magereza mstaafu, wa uzao wa wanajeshi waliotoka Sudan zamani, alikuwa akimwambia tangu utotoni, "Ukoo huu umetoa askari vizazi vinne. Daktari bado. Nakungoja wewe." Fomu ilidai barua ya mdhamini, yaani daktari aliyeiona kazi yake kwa macho na anayeweza kuieleza. Siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa. Nani tena kama si Tamim?

"Nitaandika kurasa tatu!" Tamim alisema Jumatatu akiipokea fomu kwa mikono miwili. Jumanne aliirudisha tupu.

"Siwezi, Ramlah. Mwombe Dokta Wamboga."

"Wamboga? Aliyenifokea mbele ya wagonjwa? Unanitania!"

"Sikutanii. Sababu nitakwambia Jumapili."

"Jumapili mlango umeshafungwa! Sema tu hutaki mpima damu wako awe daktari kama wewe."

Ramlah akaikwapua fomu na kuondoka, machozi yanamlenga, shingo imesimama. Jioni simu iliita mara sita. Ikaita hadi ikachoka, hakuipokea.

Sasa huyo Wamboga. Alikuwa mkuu wa hospitali, mpasuaji, mwenye sauti ya kuamsha wagonjwa wodi ya tatu. Mwaka uliopita alitaka damu haraka kwa mama aliyekuwa anajifungua, na Ramlah akakataa kuitoa. Jina lililoandikwa kwenye sampuli halikuwa la yule mama. Wamboga alifoka mpaka miwani ikamtoka. Ramlah hakutetereka. Alichukua sampuli upya, akapima, na kumbe kundi la damu lilikuwa tofauti kabisa. Tangu hapo hawakuzungumza zaidi ya salamu.

Alhamisi alijipa moyo, akabisha hodi.

"Dokta, nahitaji mdhamini. Najua hunipendi, lakini kazi yangu unaijua."

"Nani kakwambia sikupendi?"

"Ulinifokea, Dokta."

"Mtu mzima akijua amekosea, kelele ndiyo kichaka chake. Keti."

Aliandika kwa mkono, polepole, karibu saa nzima. Alipomaliza alikunja karatasi, akasita.

"Mwombaji haruhusiwi kuisoma. Ila sentensi moja nitakusomea, maana ningepaswa kukwambia mwaka jana." Akasafisha koo. "'Aliwahi kuikataa amri yangu, na kwa sababu hiyo mama mmoja na mtoto wake wako hai leo.'"

Ramlah alilia palepale, bila haya. Wamboga alifunga bahasha, akatia saini juu ya mfuniko, kisha akagota kidole kwenye mstari wa mwisho wa fomu.

"Na huyo kijana usimnunie. Hapa umesoma?"

Ramlah akasoma: mdhamini asiwe ndugu, mume, wala mchumba wa mwombaji.

"Lakini Dokta, mimi hakuna aliyeniposa!"

"Ahaa," Wamboga alisema, ghafla akaonekana ana karatasi nyingi za kupanga. "Nenda kazini, binti."

Ijumaa asubuhi bahasha ilifika chuoni. Jumapili Ramlah alikuwa kwao, na sebuleni wameketi wazee watatu kutoka Mbale, kanzu nyeupe, barua ya posa juu ya sinia. Tamim alikuwa nje kwenye lango, anazungusha kofia mikononi.

"Ungeniambia!" Ramlah alimvamia.

"Mjomba alinikataza kutamka posa kabla wazee hawajafika. Ningekuwa nimewavunjia heshima, na baba yako pia."

"Si ungesaini kwanza, ukaposa mwezi ujao? Nani angejua?"

"Mimi ningejua. Siku ukiitwa daktari, sitaki mtu aseme ni mpenzi wake aliyempitisha. Nilitaka uingie kwa kazi yako, mpenzi. Inatosha."

Ramlah alimtazama mwanamume huyo asiyeweza kuiona damu yake mwenyewe, akajiona ana bahati kuliko wanawake wote wa Jinja.

Ndani, mzee Faraj alimwuliza binti yake kama anaikubali posa, jinsi desturi inavyotaka. Msichana akinyamaza, amekubali. Wazee wakangoja kimya chake.

"Sinyamazi," Ramlah akasema. "Nakubali kwa mdomo wangu. Na mahari nataka stetoskopu. Ailete siku nitakapoitwa chuoni."

"Na usipoitwa?" akauliza mjomba wa Tamim.

"Nitaomba tena mwakani. Yeye atangoja."

"Nitangoja," ikasikika sauti ya Tamim kutoka barazani, na wazee wakaangua kicheko.

Barua ya chuo ilikuja mwezi wa nane. Tamim aliwasili Mafubira na stetoskopu mpya, imechorwa jina: Ramlah binti Faraj. Mzee Faraj aliisoma barua mara mbili, akaenda chumbani, akarudi amevaa kofia yake ya kazi, ile aliyoitunza kwenye kabati tangu astaafu. Akasimama wima mbele ya binti yake, akapiga saluti.

"Afande daktari," akasema.

Ramlah aliivaa stetoskopu shingoni, akaweka ncha yake kifuani kwa Tamim, akasikiliza.

"Vipi?" Tamim akanong'ona. "Nitapona?"

"Utapona. Ila wiki ijayo kuna hema la damu sokoni, na safari hii nitakushika mkono."