Makala ya Kalamu Kali

"Soma kwa sauti, mpenzi. Mbona umenywea?"

Mwalimu mkuu alisimama katikati ya kibanda cha cherehani, gazeti mkononi, jasho likimtoka. Fundi, mchumba wake, alimkazia macho. Asubuhi hiyo alikuwa akikata karatasi za vipimo vya gauni lake la harusi kutoka kwenye rundo la magazeti ya shule, yale waliyoyatoa pamoja wakiwa kidato cha tatu, yeye akipiga taipu, bwana akiandika. Alipofika kukata kifua, akakutana na makala ya Kalamu Kali. Loo! Mkasi ulimgomea mkononi.

"Mambo ya utoto hayo," bwana alisema.

"Lete, nitasoma mwenyewe. 'Mwenzetu kafukuzwa kwa sababu ya mimba. Aliyempa yuko darasani anacheka. Tukinyamaza, sote tuna hatia.' Kalamu Kali ni nani?"

"Mimi."

"Na aliyemfukuza binti wa jirani yangu juzi?"

"Bodi ndiyo iliyoamua."

"Sahihi ya nani?"

"Unataka nifukuzwe kazi harusi ikiwa mlangoni? Tutaishije?"

"Cherehani itatulisha. Sikia, bwana wee. Nilikupenda kwa makala hii. Tulikula viboko wote wawili kwa ajili yake, na hukuomba msamaha. Huyo ndiye nitakayeolewa naye. Huyu mwingine simjui. Binti asiporudi darasani, harusi hakuna."

"Unanitisha?"

"Nakuambia."

Alimrudishia gazeti, akainamia meza. Alimpenda huyu bwana mpaka aibu, na aliogopa kweli kumkosa. Lakini kulegeza? Hata!

Bwana aliisoma makala yote, midomo ikimchezacheza. Akaketi kwenye benchi la wateja na kujifuta uso. Kisha akapiga simu, akaweka sauti ya nje.

"Mama, ni mwalimu mkuu. Barua ile naifuta. Nilikosea. Binti aje shule kesho."

"Na bodi, mwalimu?"

"Bodi niachie mimi."

Mama alilia kwanza. Halafu akasema kwa sauti ya chini:

"Asante, baba. Ila sare haimwingii tena, na sina nyingine ya kumvisha."

Fundi alimpokonya mchumba wake simu, mkono wa pili ukisukuma pembeni kitambaa cheupe kilichojaa meza.

"Jirani, mlete sasa hivi nimpime. La kwangu litasubiri."