Nilimrekodi Mzee wa Kinanda kwa Siri

Nilibonyeza simu yangu mbele ya kamati nzima ya liturujia, na kosa la kwanza la Mzee likasikika ofisini kwa Padre.

Likafuata la pili. Halafu la tatu...

Mzee mwenyewe alikuwa amekaa kiti cha mkabala na changu, mikono juu ya magoti, anajisikiliza. Hakuinua macho hata mara moja.

Wapendwa, naandika haya uso ukiwa unanichoma. Najua kwenye komenti mtanisema, na mniseme tu, nastahili. Ila naombeni msome mpaka mwisho kwanza.

Mimi ni mwalimu wa kwaya parokiani kwetu. Siku za kazi niko kwenye duka la fotokopi, natoa nakala za vyeti na vitambulisho vya watu, na bosi akitoka kidogo natoa nakala za nota za kwaya. Kanisani wote wananiita Ticha, hata mama yangu mzazi akitaka kunitania.

Mzee ni fundi redio. Ndiye ambaye amekuwa mpiga kinanda wetu tangu mimi sijazaliwa. Ndiye aliyenikalisha kwenye kile kiti nikiwa na miaka tisa, miguu inaning'inia, akaniwekea vidole kimoja kimoja mahali pake. Baba alipofariki, huyu mzee alikuja nyumbani kila Jumamosi kwa mwaka mzima kunifundisha, na hakuwahi kumwambia mama habari ya malipo.

Huyo ndiye niliyemrekodi. Jumapili tatu mfululizo, simu nimeifunika kwa kitabu cha nyimbo.

Sasa kosa lenyewe lilikuwa hivi. Mimi napenda nyimbo mpya. Nazitafuta mtandaoni wiki nzima, za vijana wanaotunga sasa hivi, zenye gitaa, ngoma na solo inayopanda mpaka unasisimka. Nikiupata wimbo unaoendana na masomo ya Jumapili, naupangilia sauti nne, nachapa, nagawa. Kwaya wanaupenda, tunafanya mazoezi mpaka unakaa.

Halafu inafika Jumapili, Mzee anaushusha!

Wimbo umeandikwa uanzie juu, yeye anauanzia chini kabisa. Ile sehemu ambayo soprano wangu walikuwa wapasue paa, wanaimba kama wanaongea na jirani. Nimemwambia mara ngapi sijui. Ananitazama, anatabasamu, anasema, "Ticha, wewe chagua wimbo unaoutaka. Mimi nitautafutia nyumba." Nikawa nanyamaza, ila moyoni nachemka.

Basi tukatangaziwa kwamba Askofu anakuja kutoa Kipaimara, na Misa itarushwa laivu.

Laivu, wapendwa. Hapo ndipo akili yangu ilipoharibika.

Nikaanza kujiona kwenye kile kinanda, kamera inanikaribia, walimu wa kwaya wa parokia nyingine wanatazama wanaulizana huyu dada ni nani. Kilichobaki njiani ni mzee mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa waya wa redio. Nikaenda kwa Padre, nikasema Mzee masikio yamechoka, hasikii tena, ataliaibisha kanisa mbele ya Askofu. Nikaongeza kwamba anazichukia nyimbo mpya ndiyo maana anazivuruga. Hilo la pili nilijua ni uongo hata nilipokuwa nalisema.

Padre akaitisha kamati. Nami nikaja na ushahidi wangu mfukoni, wimbo kama ulivyoimbwa na wenyewe, na wimbo huohuo kama Mzee alivyoupiga.

Rekodi zilipoisha, Padre akamuuliza taratibu kama ni kweli.

"Ni kweli, Padre. Nimeshusha."

"Kwa bahati mbaya?"

"Hapana. Ninayo sababu. Ila si yangu kuisema hapa."

Mtu mwenye roho angesita hapo. Mimi nikacheka kidogo, nikawageukia wajumbe, nikasema, "Si mnaona, hata yeye mwenyewe haijui."

Mwenyekiti wa kamati akatazama dirishani. Mama mmoja mhudumu wa sakristia akakohoa kikohozi kisichokuwepo. Wakakubaliana Mzee apumzike, na wakalitafutia neno zuri, wakasema anapewa heshima ya kustaafu. Mzee akasimama, akatoa ufunguo wa kifuniko cha kinanda mfukoni, akauweka mezani mbele yangu.

Nikauchukua. Mnasikia? Niliuchukua nikiwa na furaha.

Wiki zilizofuata nilikuwa bonge la mtu. Nikaleta mpiga ngoma, nikaleta kijana wa gitaa la besi, nyimbo zote nikazirudisha juu kama zilivyoandikwa. Wimbo wa Komunyo ndio uliokuwa kipenzi changu, mpya kabisa, nimeupangilia mwenyewe kwa siku kumi na moja. Mama alinisikia nikiufanyia mazoezi nyumbani, akaniuliza, "Hapo juu panafikika kweli, mwanangu?" Nikamjibu kwamba soprano wangu wanafika bila kutoa jasho. Akasema sawa, akarudi kwenye vyombo vyake.

Siku ya Kipaimara tuliimba, jamani. Sitajifanya. Hatukukosea hata pumzi. Kamera ilinijia mara nne, nilihesabu.

Kwenye Komunyo nikainua macho kutazama watu. Simu zimeinuliwa kila benchi, wanaturekodi. Nikajisemea, leo tumewamaliza. Ambacho sikukijali ni kwamba midomo yao yote ilikuwa imefungwa.

Mwishoni Askofu akatoa shukrani. Akaisifu kwaya, kisha akasema na waumini nao siku nyingine waje waimbe, maana leo walikuwa wageni kama yeye. Kanisa likacheka. Mimi nikacheka kuliko wote, kwa sababu sikuelewa.

Nilifika nyumbani nikiwa bado na sare. Mama alikuwa jikoni, bado na viatu vya kanisani, anasuuza kikombe ambacho tayari kilikuwa safi. Nikamuuliza ameonaje.

"Mmependeza sana."

"Nimeuliza tumeimbaje, Mama, sijauliza nguo."

Akarudia kukisuuza kile kikombe. Nikamwambia nilimwona kwenye benchi la tatu hajafungua mdomo Misa nzima, yeye ambaye zamani alikuwa soprano wa kutegemewa. Nikamwambia, tena kwa hasira, kama hata mama yangu haniungi mkono, nani ataniunga?

"Nilijaribu," akasema.

"Ulijaribu nini?"

Akaweka kikombe chini. Akaanza kuuimba ule wimbo wangu wa Komunyo, palepale kwenye sinki. Noti ya kwanza ikatoka, ya pili, ya tatu. Ya tano ikakatika. Ulitoka upepo mtupu. Akarudia, ukatoka upepo tena, akaweka mkono shingoni, juu ya lile kovu.

Miaka miwili iliyopita mama alitolewa uvimbe shingoni. Alipotoka hospitali akaniambia kila kitu kimekwenda vizuri. Sauti yake ya kuongea ilibaki nzito kidogo, nikadhani ni umri, basi, nikaendelea na maisha yangu. Kumbe daktari alimwambia tangu siku ile kwamba sauti ya juu haitarudi.

"Kwa nini hukuniambia, Mama?"

"Ungeacha kuchagua nyimbo unazozipenda kwa ajili yangu. Ulikuwa na raha sana na nyimbo zako."

Wapendwa, nilishika ukingo wa meza.

Akanisimulia polepole. Baada ya operesheni alikaa miezi anakwenda Misa kama bubu. Siku moja akamfuata Mzee, akamwambia anaona bora awe anabaki nyumbani, maana kukaa kanisani bila kuimba kunamuumiza kuliko kidonda. Mzee akamwambia waende kanisani. Ilikuwa Jumatano mchana, hakuna mtu. Akafungua kinanda, akamwambia, "Nionyeshe unapofika."

Akawa anabonyeza noti moja, mama anaiimba. Anapanda ya pili, mama anaiimba. Mpaka sauti ilipokatika. Mzee akachukua penseli, akaiwekea alama ile noti kwenye ubao wa kinanda, akamwambia, "Basi. Kuanzia leo hakuna wimbo utakaopita hapa."

Ile alama nilikuwa nimeiona mara elfu. Baada ya kupewa ufunguo niliifuta kwa kitambaa, nikidhani ni uchafu.

Mama alimwomba asiniambie. Naye akanyamaza, hata mbele ya kamati. Hata nilipocheka.

"Na si mimi peke yangu," mama akasema. "Wengi tulikuwa tunaimba kwa ile sauti yake. Wewe ulikuwa mbele, hukutusikia."

Sikula. Kesho yake niliomba ruhusa kazini, nikaenda kwenye kibanda cha Mzee. Maredio yamefunguliwa matumbo kila mahali, yeye katikati anachomelea waya. Akanivutia kigoda kwa mguu, akaendelea na kazi. Nikamwambia yote. Kwamba nimejua. Kwamba hata bila kujua nilimdanganyia Padre makusudi, nikitaka kiti chake kwa ajili ya kamera. Nililia kama mtoto, na mteja mmoja aliyekuja kuchukua redio yake akaghairi akaondoka.

Mzee akasubiri nimalize.

"Umeniomba msamaha mimi. Nimekusamehe. Wale ulioniaibisha mbele yao je?"

Nilitamani aniambie kitu kingine chochote.

Nilikwenda. Kamati ileile, viti vilevile. Nikasema niliongopa, masikio ya Mzee ni mazima kuliko yangu, na alikuwa na sababu ambayo mimi mwenyewe ndiye niliyepaswa kuijua. Mwenyekiti akauliza kama naelewa uzito wa nilichofanya. Yule mama wa sakristia akasema, bila hata kunitazama, kwamba yeye siku ile alijua naongopa, akaogopa kusema kwa sababu mimi nina mdomo. Hiyo ilinikata kuliko maswali ya Padre yote.

Wakamwita Mzee arudi. Akakataa. Alituma salamu kwamba hana kinyongo, ila aliyeutaka ufunguo abaki nao.

Jumapili iliyofuata nikazishusha nyimbo zote. Nikairudishia alama mahali nilipokumbuka. Nikamwambia mpiga ngoma apumzike. Nikapiga huku natazama benchi la tatu.

Mama hakuwepo.

Sikumwona Jumapili ile, wala iliyofuata. Nyumbani anatoka kabla sijaamka, anarudi anasema alikuwa kanisani. Wiki ya tatu nikaamka alfajiri nikamfuata, nimejifunika kanga kichwani kama mwizi. Alikwenda Misa ya kwanza. Misa ile haina kwaya wala kinanda, mimi huwa naiita Misa ya usingizi.

Kanisa lilikuwa limejaa! Wale wote ambao kwenye Misa yangu nilidhani wamepungua kwa sababu ya mvua, walikuwa huku. Nikakaa benchi la mwisho kabisa, nyuma ya nguzo.

Ikafika Komunyo. Mzee akasimama pembeni, hana chombo chochote, akaanzisha wimbo kwa mdomo, chini, taratibu.

Ulikuwa wimbo wangu... Ule wa siku kumi na moja. Hakuna ngoma, hakuna solo. Aliupunguza mpaka ukabaki mwendo ambao mtu mzima anaweza kutembea nao kwenda kupokea. Na kanisa zima likauimba, maneno yote, mpaka wale wazee wasiojua kusoma. Kumbe aliwafundisha. Niliyemsingizia kwa Padre kwamba anachukia nyimbo mpya ndiye aliyekuwa amewafundisha wimbo wangu!

Halafu nikaisikia sauti moja, nzito, yenye mkwaruzo kidogo, imenyooka. Ilinichukua mstari mzima kuitambua. Miaka miwili tunaishi nyumba moja, na sikuwahi kumsikia mama yangu akiimba kwa sauti yake ya sasa.

Nilifungua mdomo niimbe nao. Wimbo niliupangilia mimi, naujua kuliko mtu yeyote mle ndani. Haukutoka.

Mama alipokuwa anarudi kutoka kupokea akaniona nyuma ya nguzo. Hakushtuka. Akaja akakaa pembeni yangu, akaendelea kuimba, mimi nimeinamisha kichwa, machozi yananidondokea kwenye viatu.

Sasa mniseme. Lakini walimu wenzangu wa kwaya, mnaosoma haya mkiwa na wimbo mpya mkononi, wimbo mpya hauna dhambi. Upangilieni, uchapeni, ufundisheni. Ila siku ya kwanza mkiuimba, nyamazeni kidogo katikati msikilize kama kuna mtu mwingine anayeimba. Na ukiona mtu mzima amefanya jambo unaloliona kosa, muulize kwa upole kabla hujamrekodi. Mimi sikuuliza.

Kwenye Misa yangu bado napiga, na benchi la tatu bado ni tupu. Mama anasema atarudi. Sijamuuliza lini, kwa sababu sijioni nina haki ya kuuliza.