Upande wa Kulia

"Mwambie mwenzako apashe mikono moto kwanza," mteja alisema, macho ameyafumba. "Ananigusa shingoni kama katoka kwenye friji."

Kobe alibaki na fungu la nywele mkononi. Ndani ya saluni walikuwa wawili tu, yeye na huyo mteja. Bosi alikuwa ametoka kununua shampuu, na ilikuwa saa nane mchana, jua la utosi. Kobe akainama kutazama upande wa kulia wa kile kichwa. Rasta sita zilikuwa zimeshasukwa pale, nyembamba, zimenyooka, na hakuzisuka yeye.

Ngoja nikueleze, maana bila hili hutaelewa kitu. Katika saluni ile kichwa kimoja kilisukwa na wasichana wawili. Mmoja anashika kushoto, mwingine kulia, na anayemaliza kwanza anahamia kwa mwenzake kumsaidia. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni ya bosi, haina mjadala. Kulia alikaa Chap, kushoto Kobe. Majina hayo aliyatoa Chap mwenyewe, siku ya kwanza tu, huku akicheka. Yeye Chap kwa sababu vidole vyake vilikwenda chapuchapu, na mwenzake Kobe kwa sababu, basi tu, kila mtu aliiona sababu. Kobe alicheka pia. Alicheka miaka miwili mizima, na kila siku ya miaka hiyo Chap alimaliza kwanza, akahamia kushoto, akasema, "Sogea, shoga. Tumalize." Wateja wengine walikaa kwenye benchi saa nzima wakimngoja Chap, huku Kobe amesimama pale hana kazi, wanampita kwa macho kama vile ni stuli.

Hata mama alikuwa wa Chap. Kobe alilelewa na shangazi mwenye maneno mengi na chakula kidogo, kwa hiyo alizoea kula kwa kina Chap, na mama yake Chap alimwita mwanangu. Lakini Kobe alikuwa na masikio, jamani. "Mwanangu" ya kwake ilitoka mdomoni. Ya Chap ilitoka tumboni.

Wiki tatu zilizopita Chap aligongwa na lori la mchanga kwenye kona iliyo mbele ya saluni. Watu walisema alivuka bila kuangalia. Kwa nini msichana mwenye macho yake mazima avuke bila kuangalia, hilo hawakulisema. Bosi alijua nusu ya habari, Kobe aliijua yote, na wote wawili walinyamaza.

Sasa yule mteja, alipoketi siku hiyo, alishusha pumzi akasema, "Nani atanisuka tena kama yule marehemu? Haya, wewe fanya tu utakavyoweza." Fanya tu utakavyoweza! Kobe alikwenda nyuma kuchota maji ya moto, na huko jikoni, peke yake, akalipuka.

"Haya, njoo usuke wewe basi! Si ndiye unayependwa? Upande wako huo nimekuachia, njoo!"

Hakuyasema kwa uchungu wa msiba. Aliyasema kwa wivu, tena wivu mbichi, mkono wake ukiwa mfukoni mwa aproni umeshika kitana cheusi chenye mkia. Kilikuwa kitana cha Chap. Alikichomoa kwenye mkoba wa marehemu siku ya msiba, watu wakilia, kwa sababu aliamini wepesi wote ule umo ndani yake.

Basi kichwa kilipokwisha, mteja akainuka anachekelea. Alijigeuza kwenye kioo, akazishika rasta za kulia. "Huku umesuka kama marehemu mwenyewe! Huku kwingine, mmh." Kobe alipaswa kukimbia hapohapo. Badala yake moyo ulimchoma. Yaani hata akiwa mchangani ananishinda?

Na kile kitu kikasikia. Kesho yake kilisuka haraka zaidi. Hakikuonekana, ila kilijulikana kwa harufu ya nywele za bandia zinazoungua wakati hakuna aliyewasha kiberiti, na kwa mlio mdogo wa kucha zikitenganisha nywele, tk, tk, tk. Kobe alijizoeza kutotazama kulia. Wateja walirudi mmoja mmoja, na bosi akampiga begani. "Kumbe ulikuwa unajificha nyuma ya mwenzako!" Kobe akatabasamu kwa meno tu. Sifa zote zilikuwa za upande wa kulia.

Siku ya tisa alijisahau, akatazama kwenye kioo. Aliona fungu la nywele likijiinua lenyewe hewani, likajigawa mara tatu, likaanza kujisuka, na kitana ambacho yeye alijua kiko mfukoni mwake kikichora mstari mnyoofu kwenye ngozi ya kichwa bila mkono wa kukishika, mteja akisinzia hana habari, na rasta zikashuka moja baada ya nyingine kwa kasi ambayo Chap mwenyewe hakuwahi kuwa nayo, mpaka upande wa kulia zikabaki tatu, kisha mbili, kisha hakuna, na kushoto kwake yeye hakuwa amefika hata nusu, na ndipo akaikumbuka kanuni ya bosi, na kitu cha baridi kikamshika kidole gumba, taratibu, kama mtu anayejaribu kiatu kabla ya kununua.

"Sogea, shoga," sauti ikanong'ona. "Tumalize."

Ilimwiga Chap vizuri, ila haikuwa na kicheko ndani yake. Kobe alitupa kila kitu akatoka mbio na aproni yake. Kidole gumba hakikupata joto tena. Akishika kijiko, kidole kinajipindapinda chenyewe, kinasuka hewa.

Mtabibu wa majini aliyeelekezwa kwake alikuwa mama mmoja mnene aliyeshona viatu kibarazani kwake, na kutoa majini kwa waliokwama. Alikiangalia kile kidole, akakinusa, akasonya.

"Huyu si rafiki yako," alisema kwa sauti ya chini. "Rafiki yako kalala zake. Marehemu ana shida gani na rasta?"

"Ni nini basi?"

"Jini la wivu. Lilikuwa linapita, likasikia linaitwa. Kila ukiona wivu linakula, likila linapata mbio. Limeshaanza kuhamia. Likimaliza, hiyo mikono utakuwa unaitazama tu, siyo yako tena."

Kobe akaangua kilio. Duniani hakuwa na kitu kingine, ni mikono tu. "Nipe dawa, mama."

"Dawa niitoe wapi? Umeliita kwa mdomo, lifukuze kwa mdomo. Liache lisuke, na kabla halijamaliza upande wake, mwambie uliyemkosea kila kitu."

"Niliyemkosea amekufa."

"Hana mama?" Yule mtabibu akavuta uzi kwenye soli. "Kila kitu, umenisikia? Ukibakiza, litashika hapohapo ulipobakiza."

Mama yake Chap hakuwa amechana nywele tangu msiba. Kobe alipomwomba amsuke, alikubali, akaketi kwenye mkeka sebuleni, uso kwenye picha ya mwanawe iliyotundikwa ukutani. Dirisha lilikuwa wazi, watoto wa jirani wanacheza mpira nje. Kobe akapiga magoti kushoto.

"Mkono wako mmoja wa baridi, mwanangu," mama alisema.

"Ni maji, mama."

Tk, tk, tk. Harufu ya kuungua ikajaa chumba. Kulia rasta zilishuka kama mvua, nane, kumi, kumi na mbili, na ulimi wa Kobe ukawa mzito, kwa sababu kile kichwa kilichoinama mbele yake ndicho alichokitaka siku zote, na akishasema tu atakikosa, na asiposema atakosa mikono, na kidole cha pili kikapoa, na cha tatu, na kulia zikabaki nne.

"Mama, kitana cha Chap ninacho mimi. Nilikiiba."

Mama hakugeuka. "Nimekitafuta nyumba nzima."

"Na Chap hakumwibia bosi wateja. Mimi ndiye niliyemwambia bosi kwamba anawasuka kwao, kwamba anataka kufungua saluni yake aondoke nao. Nilitunga, mama. Bosi akamfukuza palepale. Chap akaniangalia, akasema, Kobe, mwambie basi, wewe si unajua? Mimi nikainama nikafagia nywele. Akatoka analia. Ndiyo maana hakuliona lori."

Kucha zikasimama. Upande wa kulia rasta moja ilibaki inaning'inia, haijafika hata nusu. Mpira ulisikika ukidunda nje.

"Kwa nini?" mama aliuliza.

"Niliona wivu. Walikuwa wanampenda. Wewe pia ulimpenda."

"Alikuwa mwanangu," mama alisema, na sauti ikamkatikia. Akalia muda mrefu, mabega yakitikisika chini ya mikono ya Kobe. Kisha akajifuta kwa ncha ya kanga. "Ndiyo yote?"

Kilikuwepo kitu kimoja zaidi, kidogo tu. Aliposikia zile breki, kabla hajapiga kelele, moyo wake ulisema, sasa watakuja kwangu. Ulifurahi. Mara moja tu, kisha ukajifunga. Mtu atamwambiaje mama neno kama hilo?

"Ndiyo yote, mama."

"Basi maliza kichwa. Kitana kiache hapo mezani. Ukimaliza, uende zako, na usirudi."

Hakumwita mwanangu. Kobe alisuka pande zote mbili peke yake hadi jua likazama, polepole, na vidole vyake vilikuwa na joto, vyote isipokuwa gumba.

Mwezi uliofuata, Kobe akiwa amesharudi kazini, bosi alileta msichana mpya, mdogo, mcheshi, mwenye vidole vya ajabu. Akamkalisha kulia. Mteja wa kwanza alipitisha kiganja juu ya kazi yake, akacheka kwa raha. "Huyu mmemtoa wapi? Anasuka kama yule marehemu!"

Safari hii Kobe hakusema kitu. Aliuma midomo, akainamia upande wake. Aliwaza tu.

Harufu ya nywele zinazoungua ikapita.

"Jamani," mteja akasema, macho ameyafumba, "kwani mko wangapi hapo nyuma? Mbona nahesabu mikono sita?"