Kasturavva Aenda Mahakama Kuu

Mikate ya mtama ya Kasturavva ililiwa na nusu ya mtaa huko Gadag, mji wa kusini mwa India. Alikuwa mjane, na kila asubuhi yeye ndiye aliyetangulia kuwasha moto. Siku hiyo hakuwasha. Alijifungia ndani, akiwaogopa polisi.

Kisa kilianzia kwenye kiwanja chake. Jirani yake Rudrappa, kondakta mstaafu, alitoa fedha ili wajenge vyumba vya kupangisha, kisha wagawane kodi. Nguzo zilipokwisha kusimama, manispaa ikazuia ujenzi kwa sababu ya bwawa lililo karibu. Rudrappa akachemka. Akaenda polisi na kusema ametapeliwa. Sasa Kasturavva ameshtakiwa kwa jinai, na kifungo kinamkodolea macho.

"Twende hekaluni," alisema kaka yake, Mahantesh. "Uape mbele ya mungu kwamba hukumtapeli. Rudrappa mwenyewe atatetemeka!"

"Na polisi nao watatetemeka?"

Mahantesh akaacha habari za hekalu.

Kasturavva akaenda ofisi ya msaada wa kisheria. Huko wanawake hupewa wakili bila malipo. Wakili wake, Shailaja, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mama, ulipopokea fedha zake, ulijua ujenzi utazuiwa?"

"Ningejua, ningemwaga na zangu humo humo?"

"Basi sikiliza. Kutapeli ni kudanganya tangu mwanzo. Biashara ikiharibika baadaye, hayo ni madai, si jinai. Tutaiomba Mahakama Kuu ifute mashtaka. Ila polisi wakikuita, usijifiche. Nitakwenda nawe."

Shailaja akapeleka ombi, na Mahakama Kuu ikawaamuru polisi wasubiri kwanza. Siku ya kusikilizwa ilipofika, Kasturavva alipanda basi kwenda Dharwad, iliko mahakama hiyo. Njia nzima alikariri maneno ya kujitetea, midomo ikimcheza.

Ukumbi ulimtisha kwa ukubwa na ukimya wake. Kesi ikatajwa: Kasturavva dhidi ya Serikali. Alishtuka. Yeye, muuza mikate, na serikali nzima, wamesimamishwa mbele ya mtu mmoja wasikilizwe sawasawa!

Jaji hakumuuliza lolote. Alizungumza Kikannada, lugha ya nyumbani, ili Kasturavva na Rudrappa wote wawili waelewe.

"Tuseme kila neno la mlalamikaji ni kweli," alisema. "Kila neno. Ni wapi anaposema mama huyu alimdanganya siku ya kupokea fedha?"

Wakili wa serikali akafunua karatasi. Akafunua tena.

"Hasemi popote, Mheshimiwa."

"Lakini fedha zimepotea, Mheshimiwa!" alidakia wakili wa Rudrappa.

"Kupotea kwa fedha si utapeli. Mahakama ya madai iko wazi kwake. Polisi hawakuajiriwa kudai madeni."

Mashtaka yakafutwa.

Kasturavva alisisimka mwili mzima. Maneno yote aliyoyakariri hayakuhitajika. Hakuna aliyemwita yeye mwema, wala Rudrappa mwongo. Yalichukuliwa maneno ya mshtaki wake mwenyewe, yakapimwa, na hayo hayo yakamfungua. Alitazama kile kiti cha jaji kwa mshangao, machozi yakimtoka, mpaka Shailaja akamshika mkono watoke.

Nje, Rudrappa alikuwa ameegemea ukuta, uso umemshuka.

"Kwa hiyo mimi ndiyo basi," alisema. "Jasho langu limekwenda."

"Nani kakwambia, kaka? Jaji kafuta jinai. Deni hajaligusa. Twende kwa wasuluhishi. Kiwanja tukiuze, kila mtu apate fungu lake."

Rudrappa akamkazia macho.

"Kumbe ulikuwa tayari kuuza? Mbona hukuniambia mapema?"

"Ulinijia na polisi, kaka Rudrappa. Ningekwambia saa ngapi?"

Rudrappa akakubali. Kiwanja kiliuzwa kabla ya mvua, mbele ya msuluhishi, na aliyetia sahihi wa kwanza alikuwa Kasturavva.