Neno Ambalo Mapalo Hakulijua

Kila alasiri, akitoka shuleni, Mapalo aliweka begi lake chini na kukaa kwenye kibanda cha mama yake, hapo mtaani Naviundu, kuuza dagaa wakavu wa kapenta na makaa. Wengi walikuja kununua. Wengine walikuja na pakiti na chupa zilizotoka Zambia, wakitaka awasomee Kiingereza.

Mapalo alikuwa ameishi miaka miwili Sakania, mpakani na Zambia, kwa shangazi yake, Tantine Abigaël. Alirudi na Kiingereza cha sokoni: bei gani, chukua chenji, njoo kesho. Kilikuwa kidogo tu, lakini mtaa mzima ulikuwa umesoma kwa Kifaransa, sasa nani angemsahihisha? Wakamwita Mademoiselle Anglais, yaani Bibi Kiingereza, na jina hilo likampanda kichwani. Tangu arudi, msichana huyu wa miaka kumi na miwili hakuwahi kumwambia mtu "sijui".

Msimu wa baridi ulipoingia, mdogo wake Djo, ambaye hata kutambaa alikuwa hajajua vizuri, alishikwa na kikohozi. Tantine Abigaël akatuma kikopo cha dawa ya kupaka, yenye harufu ya kuchoma pua. Mama akampa Mapalo asome. Maelezo yalikuwa mafupi: *Apply sparingly to the chest*. Kupaka alikujua, kifua alikijua. *Sparingly* hakuwahi kulisikia popote. Alimtazama mama, akamtazama na jirani yao Mama Amida, aliyekuwa amesimama pale akimsubiri kwa heshima kama anamsubiri daktari. Aibu ikamshika.

"Mama, iko nasema umupake mingi," alisema.

Mama alichota dawa bila huruma, akampaka Djo kifuani, shingoni, hadi chini ya pua, kisha akamfunika blanketi zito.

Jua halijatua, Djo akaanza kupumua kwa shida. Machozi yalimtiririka, mbavu ziliingia ndani kila alipovuta pumzi, na kilio chake hakikutoka. Mama alimpigia simu baba, ambaye alikuwa kazini kwenye mgodi wa Kinsevere, lakini hakupatikana. Basi akambeba mtoto na kutoka mbio kuelekea kituo cha afya. Mapalo alimfuata. Ila kwanza alikinyakua kile kikopo na kukificha kiunoni, ndani ya sketi, ili mtu mwingine asije akalisoma lile neno. Mtoto mwerevu kabisa, na tazama alivyofanya.

Muuguzi, Mama Léonie, aliuliza Djo amepakwa nini na kiasi gani. Mama alijibu kwamba ni dawa ya Zambia, na kwamba alifuata maelezo sawasawa, maana binti yake anajua Kiingereza. Kikopo, alisema, kimebaki nyumbani. Mama Léonie akasema kama ni hivyo, huenda ugonjwa uko kwenye mapafu, na itabidi mtoto akimbizwe hospitali kubwa mjini. Gari halikuwepo. Mama akaanza kuzunguka chumbani akilia, akimwita Mungu, akimwita Djo. Midomo ya mtoto ilikuwa inabadilika rangi.

Mapalo aliiona ile midomo. Alijua kwamba akiendelea kunyamaza, mdogo wake atakufa, na yeye ndiye atakayekuwa amemuua. Akakitoa kikopo.

"Mama, nilisema bongo, nilikudanganya," alisema. "Ile neno sikuijua. Nilisikia haya tu."

Mama Léonie hakupoteza muda kugomba. Alikichukua kikopo, akasoma, akakunja uso.

"Hata miye sijue hii neno," alisema waziwazi, mbele ya wenzake na wagonjwa waliokuwa wakisubiri. Akampigia simu Alexis, muuguzi mwenzake aliyesomea Ndola, Zambia, akaiweka simu mezani huku mikono yake ikimvua Djo nguo.

Alexis hakusita. *Sparingly*, alieleza, husemwa juu ya kitu kinachotosha kikiwa kidogo: chumvi kwenye mchuzi, pilipili, dawa kali. Maana yake ni kupaka kidogo sana, na kwa mtoto mdogo vile afadhali kutopaka kabisa. Akawahimiza waitoe yote upesi.

Walimwosha Djo kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, wakarudia tena, wakampangusa vizuri chini ya pua. Wakamvika nguo safi, wakamshikilia wima, wakafungua madirisha. Kwa muda mrefu hakuna kilichobadilika. Mapalo alisimama ukutani akiomba na kujilaumu, asithubutu kumtazama mama yake. Halafu mbavu zikaanza kutulia. Djo akakohoa, akapasua kilio kikubwa cha mtoto mwenye njaa, na mama akakaa sakafuni kwa kuishiwa nguvu.

Mama Léonie alipomaliza kunawa mikono, alimwita Mapalo karibu.

"Miye niko infirmière tangu zamani," alisema. "Leo nilisema sijue, mbele ya bantu bote. Kuna muntu alinicheka?"

Mapalo akatikisa kichwa.

"Basi. Kusema sijue haiue muntu. Weye ulisema unajua, na mutoto alitaka kufa. Siku ingine sema haujue, tutatafuta mwenye anajua."

Mama alinyanyuka, akamweka Djo mikononi mwa Mapalo, akaenda nje kunawa uso. Mapalo alimkumbatia mdogo wake, akamwekea sikio mgongoni, akalia huku akisikiliza anavyopumua mpaka mama aliporudi.